Umechagua mikono mizito ya upinde

Gédéon,

Sufuria ya sombe iko motoni, ongeza maji. Mama akirudi kutoka shambani, mwambie nimepanda pikipiki kumfuata yule mfanyabiashara Aganze kabla hajaenda zake Wamaza.

Sababu unaijua. Asubuhi alileta pea mbili za mikono ya upinde wangu mpya, mizito kuvuta na myepesi, nichague moja. Mimi nilikuwa kisimani. Wewe ukaipima kwa kutundika bidoni ya maji kwenye kamba ya upinde. Ile myepesi ilipopinda ukasema mibovu, ukamrudishia! "Hii mizito ndiyo ya mwanaume." Mwanaume gani, ndugu yangu? Jumapili kwenye mashindano nani atavuta, mimi au hizo ndevu zako tatu?

Nimeivuta mara mbili, bega linatetemeka. Mshale umeangukia kwa bata wa jirani. Nenda ukaombe radhi.

~~Usile mpaka nirudi.~~ Kula, ila mwachie baba.

Nisipomkuta Aganze, nitashindana kwa hiyo hiyo mizito. Nikikosa shabaha, utasimama kando yangu uwaambie watu wote wa Kasongo nani alichagua.

Dada yako mkubwa,
Honorine