Pipa la Buluu na Chanjo Isiyoshika

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua inagonga mabati ya Eldoret tangu nirudi, na mimi sina amani.

Nimetoka nyumbani, upande wa Sugoi, na nadhani kuna kitu nimeharibu.

Alhamisi nilipata majibu yangu. Nafanya kazi ya maabara, nashika damu za watu kila siku, kwa hivyo tulidungwa sindano tatu za kukinga homa ya ini. Baadaye damu yetu wenyewe ikapimwa kuona kama miili imetengeneza kingamwili za kutosha. Nafula, ninayekaa naye meza moja, alidungwa siku moja na mimi kutoka boksi lile lile. Yeye anazo tele. Mimi karibu sina kitu. Muuguzi alisema hutokea, tutarudia tu. Alisema kwa wepesi ulionikera.

Hutokea kwa nani? Na kwa nini mimi?

Tangu siku hiyo nashuku kila kitu. Nilishuku friji ya chanjo, nikashuku mkono wa muuguzi, nikajishuku mwenyewe. Kisha nikaanza kusoma. Kuna kemikali za viwandani ambazo watafiti wamezihusisha na upungufu wa kingamwili kwa watoto waliochanjwa. Kuhusu dawa za shambani, bado hawajaelewana. Nilipofika hapo nikakumbuka pipa letu.

Ni la buluu, la maji ya mvua. Baba alilitoa kwenye shamba kubwa la ngano nikiwa darasa la pili, na lilikuwa limebeba dawa ya kuua magugu. Mama alilisugua kwa majivu na sabuni, akaliacha wazi juani siku tatu, halafu akaingiza kichwa ndani akanusa. Halikunuka. Siku hiyo hiyo likawekwa chini ya mfereji wa paa. Kwetu pipa hupimwa kwa pua, na majirani wote hufanya hivyo. Nimekua nikinywa maji yake.

Leo nimechungulia ule upande unaoelekea ukutani. Lebo bado ipo kidogo. Jina limefutika, fuvu limebaki.

Nikawaambia yote tukiwa mezani. Mama akaweka kikombe chini.

"Pipa hilo limekulea mpaka ukamaliza chuo kikuu. Kumbe lilikuwa linakuua?"

Akauliza kama huko maabara hatuna kazi ya kutosha. Dada yangu Cherono hakucheka. Anaishi pale na mtoto wake Kibet, ambaye anatimiza miezi tisa wiki hii na Jumanne anafaa kuchanjwa surua. Uji wake hupikwa kwa maji ya pipa.

"Kama wewe sindano tatu hazikushika," akasema, "huyu nimpeleke akalie bure kwa nini?"



Ningeweza kusema mengi. Lakini swali lake ndilo nililokuwa nimelibeba tangu Alhamisi, na kulisikia kutoka kwa mdomo wa mtu mwingine kulinifunga. Mawingu yakakusanyika, nikaaga, nikaita boda.

Sasa najihoji kwa ukali ule ninaowafanyia wengine. Nina ushahidi gani? Mtu mmoja, damu moja, pipa moja. Hata wanaokunywa maji safi kabisa, wako wanaokosa kingamwili. Na hata kama niko sahihi, Cherono ameelewa kinyume: mtoto ambaye huenda mwili wake utaitikia chanjo kidogo ndiye hasa asiyefaa kukosa hata sindano moja. Surua haitasubiri mimi nimalize kusoma.

Nimempigia mara nne. Hashiki. Nashuku amenisikiliza vizuri mno.

Pipa sijalisamehe. Nimemwandikia Mama kwamba mwisho wa mwezi naleta tangi jipya, na kwamba kwa sasa uji wa Kibet upikwe kwa maji ya kisima. Amejibu, "Sawa daktari." Mimi si daktari.

Kesho nitaomba ruhusa ya Jumanne. Nitafika nyumbani kabla hawajanywa chai, nimfunge Kibet mgongoni, twende zahanati sote watatu. Cherono akiniuliza kama nina hakika itashika, nitamjibu nilivyopaswa kumjibu leo: sina, na ndiyo sababu tunaenda.