Baraza Yako Imekuwa Barabara

Baba Zaituni,

Baraza yako haipo tena. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla hujauliza hali yangu. Pale ulipokuwa ukikaa baada ya alasiri na kuwaambia wapita njia kwamba wanatembea upogo, sasa punda wanapita na marobota ya pamba. Ni barabara kabisa, pana, imeshindiliwa. Nyumba zote za mtaa huu wa Mkwajuni zimekatwa nyuso. Yetu imekatwa zaidi ya zote, na nitakueleza ilivyokuwa.

Jana nimetoka eda. Dada yako Tatu aliniogesha, akanivisha nguo mpya, akanifukiza udi kama biharusi mzee. Leo nimechukua karatasi zilizobaki chuoni kwa marehemu baba yangu, nimekoroga wino, nimekaa. Ulizoea kunitania, mwanamke aliyefundishwa kuandika atamwandikia nani barua, na mumewe yuko chumba cha pili? Basi, nimempata wa kumwandikia.

Habari yako aliileta mpagazi mwenzako, yule wa Ruaruke. Alisimama uani, hakutaka kukaa. Alisema homa ilikushika mkipanda milima ya Umatumbi, mzigo wa askari ukiwa kichwani, na asubuhi moja hukuamka. Walikuzika kando ya njia, chini ya jiwe kubwa, wakasoma walichokijua, kisha askari wakawahimiza waondoke kwa sababu watu wa maji, wale wapiganaji wa milimani, walikuwa karibu. Alipokuwa akisema hayo mimi nilikuwa natazama kisigino chake. Kilikuwa kimepasuka vibaya. Nikafikiri, huyu anahitaji mafuta ya nazi, nikaingia ndani kumtafutia. Watu walidhani nimekwenda kulia. Nilirudi na kichupa, nikampa, akakipokea kwa mikono miwili, akaanza kulia yeye.

Mimi sikulia. Siku zilizofuata sikulia vilevile. Wanawake walikuja, wakakaa, wakanitazama usoni, wakanong'onezana. Nilikula nilipopewa, nikalala nilipoambiwa nilale. Nilijiona kama mtu anayemtazamia mwenziwe nyumba, mwenyewe akirudi atakabidhiwa vyake.

Kitu nilichokitaka kilikuwa kimoja tu. Wenzangu wakifiwa wana kaburi. Wanajua pa kwenda Ijumaa na kopo la maji. Mimi nilikuwa na chumba: kitanda chako cha kamba, mkeka uliokataza mtu asiukanyage na viatu, na ile alama ya mafuta ukutani ulipokuwa ukiegemeza kichwa. Nilitaka eda yangu iishe humo, ndani ya nyumba yako. Baada ya hapo waniambie niende popote, ningekwenda.

Lakini vigingi ulikuwa umeshavipiga wewe mwenyewe.

Unakumbuka siku ulipofika kwetu na kamba ya boma? Mtaa mzima ulisimama kutazama. Walikuwa wameshakuita mpimaji wa Wadachi, na walingoja waone utajipendelea vipi. Ukavuta kamba, ukaitazama kwa jicho moja, ukapigilia kigingi katikati ya baraza yako. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikakuambia, "Hicho si ukisogeze kidogo tu?" Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Nikisogeza chetu, cha jirani nitakipiga kwa uso gani?" Jioni ile ulikula wali bila kitoweo na hukuuliza.

Ulizitaka taa zile, nami najua kwa nini. Tangu mama yako alipokanyaga nyoka, kifutu, akirudi kisimani na kiza kimeingia, ulikuwa huna wimbo mwingine. Njia inyooke, taa ziwekwe, mtoto akitumwa dukani arudi na miguu yake. Boma walipokuambia watasimamisha kandili kuanzia gatini mpaka sokoni, uliwaamini. Hukunywa maji ya wapiganaji, wala hukuwapenda Wadachi. Wewe ulipenda mstari ulionyooka. Kisha vita vikapamba moto huko milimani, wakaja kuwakusanya wapagazi, wakakuchukua hapohapo barabarani, kamba ukiwa umeishika mkononi.

Baada yako waliletwa wengine kumalizia kazi. Msimamizi wao mtu wa pwani ya juu, mrefu, kamba haimtoki begani. Watoto wakamwita Bwana Kamba, na kama sikosei aliyeanza ni binti yako. Amri ilikuwa kwamba mkubwa mmoja wa Kidachi anakuja, na lazima akute mtaa mpana na taa zinawaka. Vita vilikuwa vimelitia boma haraka. Nilikuwa namsikia Bwana Kamba kila siku kupitia upenu, akihesabu, akikohoa, akigomba na watu kwa ajili ya mbuzi waliolala njiani. Sikujali. Kigingi chako kilikuwa kinachukua baraza tu, chumba hakikuguswa. Nilikuwa nimeshakubali.

Ndipo kigingi kikahama.

Mtu alinionea huruma. Akaking'oa na kukipigilia tena mbele, karibu na njia, ili mjane asibughudhiwe. Bwana Kamba alipokuja kuvuta kamba yake kutoka mwisho hadi mwisho, ikapinda kwetu kama mkia wa mbwa. Akauliza nani kafanya. Mtaa mzima haukujua. Akaapa kwamba hataamini tena kigingi hata kimoja cha upande wetu, akaanza kupima upya kutokea ng'ambo, kwenye ukuta wa ghala la pamba. Nilikuwa nimekaa kitandani nikisikia sauti yake ikikaribia. Ikavuka njia, ikavuka baraza, kisha nyundo ikagonga ukuta na udongo ukanidondokea miguuni. Mstari mpya ulikuwa unapita kwenye mto wako wa kulalia.

Nani alikihamisha? Pindo la kaniki la Tatu lilikuwa na udongo mwekundu, na Tatu hakuwa na safari ya barabarani. Sikumuuliza. Tangu siku ile kila asubuhi ananiletea uji wenye tui zito, ananitazama nikinywa, nami nakunywa wote. Hilo limekwisha hivyo, usije ukamsumbua.

Mwalimu wa chuo alikuja, akazungumza nami nyuma ya pazia kwa upole. Akasema sharia si nzito hapo, nyumba ya mjane ikibomoka anaruhusiwa kuhama, nami nihamie kwa ndugu yako Abdala huko Mtawanya nimalizie eda yangu. Nikasema, "Sitoki." Akaeleza tena. Nikasema tena, "Sitoki." Hilo ndilo jambo pekee nililolisema kwa sauti tangu msiba, na niliona hata Tatu ameshtuka.

Abdala akaitwa kutoka Mtawanya. Unamjua nduguyo, hana haraka. Alikaa nyuma ya pazia, akatafuna tambuu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Shemeji, kwa hiyo wewe huondoki." Nikasema siondoki. Akasema, "Haya. Basi itaondoka nyumba."

Na ikaondoka, Baba Zaituni, nami nikiwa ndani.

Alimuuliza mwalimu, vyumba vikiongezwa kwa nyuma, nyumba ile itakuwa ya marehemu au itakuwa nyumba nyingine? Mwalimu alifikiri, akasema paa likishikana kabla ya mbele kukatwa, basi ni nyumba ileile. Abdala akalishika neno hilo. Kazi yote ilipangwa kwa ajili ya paa. Watu wa Mbuchi, waliokuwa wakileta milingoti ya mikoko kwa ajili ya taa za boma, walishusha na boriti zetu, wakazitupia uani kama kwamba zimewaponyoka. Majirani wakachimba, wakafunga fito. Wanawake walikanda udongo na kukandika, wakiimba kwa sauti ya chini kwa sababu nyumba ina msiba. Makuti ya vyumba vipya yakapandishwa yakaungana na ya zamani, na Abdala akapanda juu mwenyewe kukagua kwa mkono, asiache hata pengo la kupitisha mwanga.

Bwana Kamba alifika na wabomoaji wake kazi haijaisha. Nilimsikia akisimama. Kisha akawaambia watu wake waanzie mwisho wa mtaa, kwetu watafika wakifika. Sijui kama ni huruma au alikuwa amechoka kugomba. Wakati ule nilikuwa sina kipimo cha kupimia mambo kama hayo.

Walipotoboa ukuta wa nyuma, nikapita kutoka chumba hadi chumba bila jua kunigusa. Kitanda chako kikapita kwanza, mimi nyuma yake. Mkeka niliukunja mwenyewe. Halafu mbele ikaangushwa. Nilitarajia kishindo. Ilikuwa sauti ndogo tu, gunia la mpunga likitupwa chini.

Kuhusu ile alama ya kichwa chako, nilimwomba Abdala aniokolee. Alijaribu kuukata udongo pale, ukamvunjikia mikononi. Basi akakusanya udongo wote wa ukuta ule, wakaumwagia maji, wakaukanda upya, wakakandikia ukuta unaotazama barabara. Kwa hiyo umo humo. Sijui ni wapi, lakini umo. Zaituni ameweka kiganja chake chini pembeni, udongo ulipokuwa mbichi, na hakuna aliyemkataza.

Sasa kuhusu taa. Zimesimamishwa, zinawaka. Ya kwetu imesimama mahali kilipokuwa kichwa cha kitanda. Ndiyo, chumbani mwetu kabisa, Baba Zaituni, wapita njia wote wanapaona. Mimi niliona haya, nadhani wewe ungecheka. Magharibi ya kwanza walipoziwasha, mwanga uliingia juu ya ukuta nikaiona mikono yangu. Tatu akasema, "Hizi ni za kutuona sisi, wifi, si za sisi kuonea." Na kweli, askari anasimama chini yake akiwauliza wanaotoka mtoni wametoka wapi, wamelala kwa nani, wamekunywa maji ya nani. Mtu mmoja aliyekuja kuuza samaki tu alichukuliwa mbele ya mlango wetu, na sijasikia kwamba amerudi. Ulitaka taa za nyoka. Wenyewe wanatafutia watu.

Lakini pia juzi Zaituni alitumwa chumvi, akamwona kifutu amejinyoosha njiani chini ya taa, akamzunguka, akarudi anahema na kucheka. Nilimshika miguu yote miwili, nikaitazama. Sijui nikuambie ulikosea au hukukosea. Yote mawili yametokea hapahapa, na mimi sina nguvu ya kuchagua.

Na sasa nikuambie ya jana.

Baada ya kuogeshwa, Tatu alinipa makubadhi mapya, tukaenda mlangoni nitoke nje mara ya kwanza. Mlango wa mbele wa sasa ndio ule wa ndani wa zamani, mlango wa chumbani kwetu; zamani ulikuwa wa kuingilia chumbani, sasa ni wa kutokea barabarani. Watu walikuwa wamesimama kungoja kunipa mkono. Zaituni amenishika nguo. Nilifika kizingitini, nikainama, nikavua makubadhi, nikayapanga pembeni kama ulivyotaka yapangwe siku zote, nikakanyaga barabara kwa miguu mitupu.

Zaituni akaniuliza, "Mama, mbona unavua viatu, si unatoka nje?"

Nikageuka nikayatazama. Yalikuwa mawili tu, yangu. Mkono wangu ulikuwa umeacha nafasi ya yako pembeni.

Hapo nililia. Nilitembea mpaka kwenye mlingoti, nikaushika, nikalia mchana kweupe katikati ya mtaa, na mkeka wetu haukuwa chini ya miguu yangu, ulikuwa mchanga na mavi ya punda. Askari alinitazama. Bwana Kamba, aliyekuwa akipita, aliishusha kamba yake begani akasimama hivyo hivyo mpaka niliponyamaza. Nakupenda. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ulikuwa upo.

Boma wametaka kila nyumba iliyo karibu na taa isafishe kioo chake. Nitakisafisha. Njia hii uliyoinyoosha, nimemuuliza yule mpagazi wa Ruaruke, inakwenda moja kwa moja kusini mpaka ilipo milima. Vita vikitulia atanionyesha jiwe lile. Nitakuja na Zaituni, na kopo la maji, na Yasini niliyoihifadhi kwa baba. Usiwe na wasiwasi, sitakuletea mchanga. Nikifika nitavua viatu, na vyako nitaviachia nafasi.

Mungu akupanulie huko kuliko walivyotupanulia huku.

Mkeo,
Mama Zaituni