Fyuzi Kwenye Leso

Dada yangu,

Huku hatujambo. Paka wa kiwanda amezaa juu ya magunia ya unga.

Unamkumbuka Mama Fyuzi, msimamizi wetu niliyekuwa namcheka? Kabla hatujasafisha mashine ya kukandia, huchomoa fyuzi na kuifunga kwenye leso yake mpaka tutoke. Jumanne nilikuwa nimeinama mle ndani hadi mabegani, mwenzangu akapitiwa, akabonyeza swichi. Mashine haikutikisika. Nilipochomoka, Mama Fyuzi alikuwa ameishika ile leso kwa mkono wake wenye vidole viwili.

"Haya, malizia kusugua," akasema.

Dada, yule mama namvulia kofia. Ila mama yetu usimwambie.

Ni mimi mdogo wako, mwenye vidole vyote kumi.