Mgonjwa Asiyefunga

Ijumaa, 12 Ramadhani. Januari 1965

Kumbe si ukaidi wake. Kosa ni langu.

Siku nne nimemlaumu simbilisi, kamnyama kama panya asiye na mkia, niliyeachiwa na binti yangu Salma alipohamia Nairobi. Paka alimuuma mguu, nami nikasema haponi kwa kuwa hatulii. Daktari wa mifugo aliniambia wazi: matone mawili ya dawa kutwa mara tatu, na majani yasikosekane, maana tumbo la mnyama huyu halitakiwi kukaa tupu.

Mimi nikampa dawa wakati wa kufuturu, baada ya tarawehe, na wakati wa daku. Mchana kutwa, hata jani. Nyumba hii dawa za Ramadhani zote hunywewa hivyo, tangu uhai wa mamake Salma.

Leo alasiri jirani yangu Bi Zuhura kaniletea sahani ya kaimati, akachungulia kikapu cha mgonjwa.

"Mwalimu, majani yake yako wapi?"

"Magharibi bado."

Akanitazama. "Huyo hana saumu, Mwalimu."

Nikaona haya. Nikampa mchicha papo hapo, akala mpaka masharubu yakatota. Mguu bado umevimba. Salma akija akamkuta kilema, nitamwambia nini? Nami nilimuahidi mwanangu...

Bi Zuhura adhani nilisahau. Si kusahau tu. Kila adhana ya magharibi nilikuwa nikimsikia akitafuna upande wa pili wa mkeka.

Leo ilipoadhiniwa alikuwa ameshiba zamani, kalala. Tende nimezila peke yangu.