Mlio Penye Bomba la Kufulia

Wifi yangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, na mumeo tangu uondoke ameshaunguza sufuria tatu.

Wiki hii nimeazima kwa fundi bomba mashine ya kutambua metali. Siku ya kwanza ililia kila nilipokanyaga, nami nikachimba ua mzima nikidhani tumekalia mgodi. Fundi alipokuja alicheka mpaka akakaa chini: "Dada, vua hivyo viatu vya kazini! Vina chuma mbele."

Nikavivua, akanifundisha kusikiliza. Ikikoroma, ni msumari. Ikilia kwa sauti ya kati, ni kipande cha kopo la soda au ni dhahabu. Hutajua mpaka uchimbe.

Jana, pale penye bomba tunapofulia, ililia kwa sauti ya kati. Nilikuwa nimechoshwa na makopo, nusura nipite. Nikachimba.

Wifi, pete ya mama haikuibwa. Ilimdondoka akifua. Nilikuita mwizi mbele ya majirani, na leo asubuhi nimewaita wale wale nikawaambia mwongo ni mimi. Nimetua mzigo.

Mama anasema urudi nyumbani. Mimi nasema unisamehe kwanza. Ukishindwa, rudi tu unitukane hapa hapa.

Wifi yako mropokaji