Mkono Kwenye Kona ya Hagthorpe

Shangazi Hilda,

Nakuandikia kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza na daktari anasema macho yangu hayana kasoro. Mimi ni mwamuzi wa video katika raga ya ligi, wale tunaokaa ndani ya gari la matangazo nje ya uwanja tukitazama marudio huku watu wakitutukana, na kazi hiyo niliipenda hadi Jumapili ile wenyeji, Hagthorpe, walipokuwa nyuma kwa pointi tatu mechi ikielekea ukingoni, winga wao akajirusha kwenye kona na mpira, wageni wakamlalia, na mwamuzi wa uwanjani akachora mraba hewani kwa vidole, ishara ya kuniita, akasema yeye anaona ni trai, bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli, ila niangalie kama mpira umegusa chini.

Nikapunguza mwendo, nikarudisha, nikapunguza tena, na nilipoisimamisha picha nikaona mkono chini ya mpira, kiganja juu, umeuzuia usiguse nyasi, mkono mkavu kabisa ilhali wachezaji wote walikuwa matope hadi nywele, na vidole viwili vya mwisho havikuwepo. Nikamwonyesha Imran, anayeendesha mashine.

"Mkono upi?" akaniuliza. "Mimi naona nyasi tu."

Lakini kwetu ili utengue uamuzi wa mwenzako unahitaji ushahidi usio na shaka, na mimi sijawahi kuona kitu waziwazi kama nilivyouona mkono ule, basi nikasema si trai, Hagthorpe wakapoteza, na sasa wasiposhinda Ijumaa wanashuka daraja.

Nilipotoka garini nilimkuta Mama Doreen Sugden kasimama kwenye mvua. Mumewe, Wilf, alikuwa winga wa Hagthorpe enzi zake, sifa yake ilikuwa kupenyeza mkono chini ya mpira wa adui, na vidole viwili vilimkatikia mgodini. Alipofariki mwaka huu mwili ulichomwa, na kama familia nyingi za huku zinavyofanya, mjane akaomba ruhusa ya klabu akayamwaga majivu kwenye kona ambayo mumewe alikuwa akiilinda.

"Umemwona, sivyo?" akasema. "Kosa ni langu, mwanangu. Nilimweka pale anapolinda, nikasahau kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana pande. Wilf hajui. Anadhani kila anayekuja kwenye ile kona ni mgeni."

Shangazi, hakuwa akilia wala hakuwa akitania. Televisheni imerudia picha zile wiki nzima na hakuna aliyeuona huo mkono, ila mimi nikizisimamisha nyumbani upo, na kila nikiutazama vile vidole vitatu vinazidi kuubana mpira. Ijumaa nimepangwa uwanja uleule. Nikisema ninachokiona, mji mzima utaadhibiwa kwa kazi ya marehemu, nikiyakana macho yangu mimi si mwamuzi tena. Nifanyeje?

Mwamuzi wa Garini


Mwamuzi wa Garini,

Pole. Huna wazimu, na sitakuambia hukuuona mkono huo. Nimekulia miji hii, nimeona majivu mengi zaidi yakimwagwa viwanjani kuliko makaburini.

Lakini nitakugombeza. Imran aliona nyasi. Mwenzako wa uwanjani, aliyekuwa pale pale, aliona trai. Wewe ukaamini picha moja iliyoganda kuliko watu wawili wazima. Mpira huanguka kwa mwendo wake, baba, si kwa mwendo wako, na ukiukatakata vipande vidogo namna hiyo hukosi kimoja ambamo haujagusa chini. Huo ndio ugonjwa wenu nyote mnaokaa garini. Ungesema tu kwamba mmetofautiana na huna uhakika, uamuzi wa mwenzako ungebaki na leo ungekuwa unalala vizuri.

Usijiuzulu. Atakalia kiti chako mwingine asiyejua lolote. Futa picha hiyo nyumbani leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Kesho mchukue Mama Doreen, mpeleke kwenye kona ile uwanja ukiwa mtupu, amwambie mumewe kwa sauti, kama alivyokuwa akimwambia avue viatu mlangoni, kwamba kipindi cha pili wanaokuja ni wa nyumbani. Wewe simama mbali na usichungulie.

Ijumaa tazama kwanza kwa mwendo wa kawaida, ndipo upunguze. Mkono ukitokea, usijifanye hukuuona. Hesabu wachezaji. Kila timu ina kumi na watatu, na sheria yako haimpi mtu wa kumi na nne ruhusa ya kuzuia mpira, hata kama amezaliwa na kufia Hagthorpe, kwa hiyo mkono wake hauhesabiwi. Na akiwazuia wageni kipindi cha kwanza, wape trai yao, mjane wake akikutazama na mji mzima ukikuzomea.

Shangazi Hilda