Sanduku Lililobaki kwenye Diski ya Beni

Jumapili, Mususa, hapa Butembo. Tangu asubuhi ukungu haujaondoka juu ya mabati, na nina baridi ambayo hata sweta haiiondoi.

Leo nimemwonyesha Mama ile filamu. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitaugua.

Wasomaji wa Butembo mnaikumbuka: filamu ya magendo ya kaka yangu Paluku, tuliyoipiga wenyewe kwa kamera ya harusi. Yeye alicheza mfanya magendo, mimi nikakata na kuunganisha picha. Wapo watu wanaojua maneno yake yote kwa kichwa hadi leo.

Ila watu wa Beni hutucheka. Wanasema yetu ilikatwa, na wana haki. Kwenye diski ya Beni, Paluku anapita kizuizi cha askari akiwa amelala ndani ya sanduku la maiti, pamba puani, wanawake wakimlilia nyuma ya pikapu. Kwenye ya Butembo unamwona tu ameshafika Mutwanga, ng'ambo ya kizuizi, anakunywa chai, na huelewi alipitaje.

Aliyekata ni mimi. Mama alisikia kwamba mwanawe amelala kwenye sanduku, akanijia na hasira hadi kwenye mashine ya kukatia picha. "Mutu muzima haingiake mu sanduku! Munamuitia lufu!" Yaani tunamwitia mwanawe kifo. Diski za Beni zilikuwa zimeshaondoka. Za Butembo nikazitengeneza bila sanduku, na picha zenyewe nikazifuta mbele yake ili atulie.

Mwaka juzi Paluku alipeleka maharagwe Beni. Lori liliunguzwa njiani, na mwili hatukurudishiwa.

Misa ilisomwa, lakini Mama alikataa kukaa matanga. Alisema hawezi kulilia hewa. Tangu hapo hajatoa chozi, anakonda tu.

Nimekuwa nikidhani ananilaumu kwa lile sanduku. Nami nimemlaumu yeye, kimya kimya, kwa kunifanya nifute picha zile. Ndiyo, nimemlaumu mama yangu mzazi.

Wiki iliyopita tukichambua majani ya sombe akaniuliza, "Masika, ile filme ya Beni, iko wapi?" Nikampigia simu Baba Saidi, muuza diski wa Beni, mtu asiyetupa kitu. Alikuwa nayo. Akanitumia kwa dereva, imeviringishwa ndani ya kitambaa safi.

Leo baada ya misa tukaiweka. Mama hakuwa amewahi kuiona, lakini hadithi anaijua. Anajua kwamba wakishapita kizuizi, Paluku anafumbua macho, anatoa pamba, anacheka. Mimi nilikuwa nakingoja kicheko hicho.

Ikafika sehemu ya sanduku. Paluku amelala, mikono kifuani, uso umetulia. Mama akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni.

"Simamisha apa," akasema. "Hapana mulamusha."

Nikabonyeza, picha ikaganda kabla hajaamka. Akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kumlilia mwanawe kwa Kinande, kwa sauti kubwa, akimwita kwa majina yake yote. Majirani wakaingia mmoja mmoja, wakaketi chini bila kuuliza.

Naandikia jikoni, nachemsha chai ya watu. Bado wanaimba. Mungu anisamehe, hamu ya kukisikia kile kicheko haijaniisha, na telekomande ya televisheni iko hapa mfukoni mwangu.

Sitaigusa. Leo tunamzika Paluku.